Mabula Amebaki, Kabula Anaondoka

Mzazi wa Tabora akisema bintiye ataitwa Kabula, jina la Kinyamwezi la binti wa mvua, huulizwa papo hapo: "Na la kwenye cheti?" Swali hilo huulizwa bila ubaya wowote, na mara nyingi anayeuliza ni shangazi au mama mkwe ambaye mwenyewe alilelewa na Kabula wake kijijini. Wote wanakubaliana bila kusemezana kwamba Kabula ni jina la kumwitia mtoto uani, na kwamba karatasi inataka jina jingine. Zamani swali hilo lingeweza kusubiri hadi mtoto aende shule. Sasa haliwezi kusubiri. Usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano, katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mkoa kwa mkoa, umeletwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo jina linaandikwa mama akiwa bado na kichanga mgongoni. Ni hatua njema sana kwa nchi ambayo utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta takribani robo moja tu ya watoto wa umri huo wamesajiliwa. Lakini kila jambo jema lina kivuli chake, na kivuli hiki kimelala juu ya majina ya mabinti.

Wanaolalamika kwamba majina ya asili yanakufa Unyamwezini hutaja washtakiwa wawili: dini na simu. Mimi naona mshtakiwa mkubwa hajaitwa mahakamani. Tazama jina Mabula, ambalo ni kaka wa Kabula kwa asili na kwa maana. Hilo halijafa hata kidogo. Limejaa kwenye madaftari ya mahudhurio, kwenye vitambulisho vya taifa vya NIDA, kwenye mabango ya maduka, na limefika hadi baraza la mawaziri pamoja na Angelina Mabula, aliyewahi kuwa Waziri wa Ardhi. Kama misikiti, makanisa na intaneti ndivyo vinavyoua majina ya mvua, mbona vimemwacha kaka na kumchukua dada? Jibu ninaloliona liko kwenye utaratibu wetu wa kuandika majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Utaratibu huo umempa Mabula nyumba ya kudumu, na Kabula umemwacha barazani.

Nianze na jina lenyewe, maana linastahili kuelezwa taratibu. Mbula ni mvua kwa Kinyamwezi na Kisukuma. Ka- ni kiambishi cha udogo katika lugha hizo, na ma- ni cha wingi. Mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha, au katika msimu wa mvua, huitwa Kabula. Wa kiume Mabula. (Kwamba msichana alipewa udogo na mvulana akapewa wingi ni jambo ambalo wanawake wa Kinyamwezi wana haki ya kuliuliza, ingawa nikimsikia bibi akimwita mjukuu "Kabula" nasikia upole ndani ya hiyo ka- kuliko upungufu.) Neno lenyewe ni la kale kuliko Unyamwezi. Warundi na Wanyarwanda husema imvura, Wazulu imvula, na kwa Kilingala mbula ni mvua na pia ni mwaka, kana kwamba hakuna namna nyingine ya kuhesabu umri. Kiswahili nacho kilikuwa na l hiyo kikaipoteza njiani, kama kilivyoipoteza katika njaa, ambayo Wanyamwezi bado huiita nzala, na katika kuzaa, ambako l imejificha na kurudi tukisema mzaliwa. Ndiyo maana watu wa pwani wakimpata binti siku ya mvua walimwita Mwamvua. Mwa- hiyo ni mwana, ile ile iliyomo katika Mwajuma na Mwanaidi. Kabula na Mwamvua ni jina moja lililosemwa kwa lugha mbili za ukoo mmoja. Wakamba wana Mumbua kwa wanawake na Wambua kwa wanaume, Wajaluo wana Akoth na Okoth, Mara kuna Wambura. Afrika Mashariki nzima imekuwa ikiwapokea watoto wake kwa kutazama angani.

Tabora ni mahali ambapo majina hayo mawili yalikutana uso kwa uso. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, mvua zikianza, walikuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kuweka makao. Njia ya msafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilikuwa njia ya majina pia: Zainabu, Hadija, Fatuma na Mwamvua walipanda kutoka pwani, na wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na ya kwao. Baadaye wakaja wamisionari, Mapadre Weupe wakifika Ujiji mwaka 1879, na Wamoravian wakichukua kazi Urambo kabla ya karne kuisha, wakaleta Maria, Anna na Veronika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ikachanganya zaidi. Upande wa Kigoma mchanganyiko huo ni mkubwa kuliko wetu: familia za Kiha zenye Bukuru na Butoyi wao kwa mapacha zinaishi mtaa mmoja na familia zilizovuka ziwa kutoka Kongo zenye akina Feza, Faida na Furaha. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani kulikuwa na zama safi ambapo kila binti wa Tabora aliitwa kwa Kinyamwezi. Kwa muda mrefu mji huu umekuwa njia panda, na Kabula aliishi hapo hapo njia panda bila kumezwa. Ndipo inapobidi kueleza kwa nini anamezwa sasa.

Hoja ya dini ina uzito wa kihistoria, na sitaki kuipuuza. Mtoto wa misheni alibatizwa jina la mtakatifu, na jina hilo ndilo mwalimu aliloliandika, kwa sababu mwalimu na katekista mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Kuanzia hapo jina la nyumbani na jina la shule vikawa vitu viwili. Kwa Waislamu mtoto aliyepewa jina siku ya saba aliitwa Asha au Zuhura, na Kabula likabaki kwa bibi. Lakini hoja hii haiwezi kubeba mzigo wote. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Mvua si ngeni kwa mtu yeyote anayesoma Zaburi. Katika Uislamu Mtume aliyabadilisha majina yenye maana mbaya, hakuamuru kila jina liwe la Kiarabu, na Waislamu wanayo swala nzima ya kuomba mvua. Ushahidi mkubwa zaidi uko mitaani. Wengi hapa hulihesabu Mwamvua kuwa jina la Kiislamu, ingawa hakuna herufi ya Kiarabu ndani yake. Lilikubaliwa kwa sababu wenye kulibeba walikuwa Waislamu. Na wapo Kulwa na Doto. Mapacha wa Kisukuma na Kinyamwezi wanaitwa hivyo wakiwa Wakatoliki, wakiwa Wasabato, wakiwa Waislamu, na majina yao yanaandikwa kwenye vyeti bila mtu kuuliza la pili. Doto Biteko alikuwa Naibu Waziri Mkuu kwa jina hilo hilo. Dini ambayo imewaacha Kulwa na Doto wapite haiwezi kudaiwa kwamba ndiyo iliyomzuia Kabula.

Hoja ya simu ni changa zaidi na inapendwa zaidi, kwa sababu inawaruhusu wazee kuwalaumu vijana. Ni kweli kwamba mzazi wa leo hutafuta kwenye intaneti orodha ya majina ya kike na maana zake, na orodha nyingi hazimjui Kabula. Nimewahi kuelezwa kwa uhakika kabisa na kijana mmoja kwamba Kabula linatokana na kabuli, yaani kukubaliwa, neno la Kiarabu. Nilimwonyesha Mabula na mbula yakamtoka macho. Hata hivyo, upya wa majina si kosa la kizazi hiki peke yake. Wale wanaowalaumu wazazi wa akina Brianna wenyewe wanaitwa Happiness, Gladness na Joyce, na mama zao waliitwa Veronika. Kila kizazi cha Tabora kimechukua jina kutoka kule upepo ulikovuma. Tofauti ni kwamba mama Veronika alibaki pia na Kabula wake, na watu walimwita hivyo hadi kaburini. Nafasi ya majina mawili ilikuwepo. Fashoni hubadilisha jina moja wapo; haiwezi kufuta nafasi yenyewe.

Ipo hoja ya tatu ambayo kwa kweli ni dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi jikoni na kwenye foleni ya kliniki: kwamba jina Kabula halina baraka, kwamba mvua ni matope na machozi, na mtoto atafuata jina. Wanaoisema huliweka Kabula fungu moja na Tabu, Shida na Masumbuko. Naelewa hofu ya mama anayekataa kumwita bintiye Shida, hata kama bibi yake alikuwa Shida na akaishi vizuri. Lakini kumwingiza Kabula katika fungu hilo ni kusahau mahali tunapoishi. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na baada yake miezi mirefu ya vumbi. Muulize mfugaji wa Igunga mvua ni nini mwaka inapochelewa hadi Januari. Mtemi wa Kinyamwezi alikuwa mwenye dhamana ya mvua mbele ya watu wake. Mvua ikigoma, kiti chake kilitikisika, na wapo waliokipoteza kwa sababu hiyo. Utemi ulifutwa mara baada ya uhuru, lakini hadi leo mvua ikinyesha siku ya harusi tunasema ni baraka, hata kama mahema yameloa. Na kama jina lingemfuata mtu hivyo, tungefanyaje na Mirambo? Alizaliwa akaitwa Mtyela. Mirambo ni jina alilojipatia vitani, na maana yake ni maiti. Aliyejiita maiti alijenga Urambo na dola iliyoheshimiwa kutoka Ujiji hadi Unguja, na mji wa Tabora una shule ya sekondari yenye jina lake, Milambo. Watu wasioogopa kuwapeleka watoto wao Milambo wanaogopaje kumwita mtoto mvua?

Hoja iliyo nzito kuliko zote husemwa kwa sauti ya chini. Wazazi wengine wanasema: tumejenga nchi ambayo hatuulizani makabila, na Neema au Zawadi ni jina la Mtanzania, ila Kabula ni jina la Mnyamwezi au Msukuma. Mtoto akiomba kazi Dar es Salaam au Mtwara, kwa nini jina lake limtangulie na kabila? Hili si jambo la kudharau. Umoja wetu umetunzwa na mambo madogo kama haya, na nawaheshimu wazazi wanaolifikiria. Lakini hebu tuangalie jina zima la mtoto huyo: Neema Mabula Shija. Kabila liko pale pale, limeandikwa mara mbili, moja kwa baba na moja kwa babu. Shija ni yule aliyezaliwa akiwafuata mapacha. Kwa hiyo kinachofichwa si kabila. Wanaume wa ukoo wamebaki na majina yao ya Kinyamwezi kwenye karatasi, na kazi ya kuwa Mtanzania wa kisasa amekabidhiwa msichana peke yake.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye karatasi. Bibi yangu mzaa baba aliitwa Kabula na kaka yake aliitwa Mabula. Walizaliwa misimu miwili tofauti ya mvua karibu na Sikonge. Leo jina la kaka yake liko kwenye vyeti vya wajukuu ambao hawajawahi kuiona picha yake. Hawakulichagua, lilikuja lenyewe, kwa kuwa ni la baba wa baba. La bibi haliko popote. Sisi wajukuu zake tulipopata watoto wa kike tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba Kabula litakuwa la nyumbani, na nyumbani kwenyewe kukawa Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam, ambako hakuna wa kuliita. Mimi ni mmoja wa waliokubali. Cheti cha kuzaliwa kina mahali pa jina la mama, ni kweli, lakini hapo jina linaishi kizazi kimoja na kukoma: mtoto wa mtoto halibebi. Jina la mwanaume linarithiwa bila mtu kufikiri. Jina la mwanamke linahitaji kila mara mtu aamue upya kumpa mtoto mchanga, na aamue kuliandika pale mwanzo kabisa, nafasi ya kwanza, kwa kuwa nafasi nyingine mbili zimekwisha kujaa.

Mtu anaweza kusema ndivyo mila ilivyo, sisi ni watu wa upande wa baba. Wanyamwezi wa zamani wangeshangaa kusikia hilo likisemwa kirahisi hivyo. Katika tawala kadhaa za Unyamwezi utemi ulirithiwa na mtoto wa dada. Mtoto ambaye mahari ya mama yake haikulipwa alihesabiwa kwa wajomba. Na jina la mtu wa kale lilirudi kupitia upande wowote: wazee husimulia mtoto aliyelia siku nyingi bila ugonjwa, hadi likatajwa jina la bibi fulani, wa baba au wa mama, akanyamaza. Uzito wa upande mmoja kwenye majina ni wa daftari la shule, la kodi na la mwajiri kuliko wa kigoda cha mtemi. Si dhambi ya mtu fulani; daftari lilihitaji namna ya kuwatofautisha akina Maria ishirini wa darasa moja, na namna iliyopatikana ikawa ni baba. Lakini kitu kilichoanzishwa na daftari kinaweza kuangaliwa upya na wenye daftari.

Na uharaka wa sasa unaongeza ugumu. Jina la nyumbani lilikuwa na desturi ya kuchelewa: bibi hajafika, mtoto hajatazamwa sura, haijajulikana anafanana na nani. Sasa fomu inajazwa kabla ya hayo, na kinachoandikwa ndicho kitakachoulizwa shuleni, kwenye pasi ya kusafiria, kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na kitalinganishwa herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA. Kulibadilisha baadaye kunahitaji hati ya kisheria, nauli na muda. Zamani mtu aliweza kuwa Veronika kanisani, Kabula nyumbani na Mama Juma sokoni, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni watu watatu. Leo mtu anatakiwa kuwa mmoja, na sikatai, kwa maana benki na hospitali zina sababu zao. Ninachosema ni kwamba, kwa kuwa tunalazimika kuchagua jina moja la kuishi nalo, tulichague tukijua kwamba lile lisiloandikwa halina tena uani pa kuishi.

Wapo watakaouliza: je, kama mtoto amezaliwa Agosti, jua kali, vumbi hadi kwenye uji, itakuwaje aitwe Kabula? Si litakuwa jina la uongo? Hapana, kwa sababu jina kama hili lina njia mbili za kumfikia mtoto. Moja ni tukio, na nyingine ni urithi. Kabula wa Agosti hakuzaliwa na mvua yake. Amepewa mvua ya bibi yake, ile iliyonyesha Sikonge miaka mingi iliyopita usiku ambao hakuna aliyeuandika. Kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na cheti, jina hilo ndilo lililokuwa cheti: lilisema alizaliwa kati ya Novemba na Aprili, na wazee wakiongeza njaa ya mwaka gani au mtemi gani alikuwa hai, umri wake ulipatikana. Karani anayemkadiria ajuza umri kwa kumuuliza matukio anafanya kazi ile ile ambayo wazazi wa Kabula waliimaliza siku ya kwanza.

Kwa hiyo kwa mzazi wa Isevya, Ng'ambo au Cheyo hapa Tabora anayejaza fomu mwezi huu, mambo ninayoyaona yanawezekana ni machache na hayana gharama. Jina la kwanza ndilo pekee lililo wazi kwa upande wa bibi, na hakuna sheria inayomkataza Kabula kukaa hapo, wala Mwamvua kwa familia iliyozoea Kiswahili. Anayetaka Neema na Kabula yote mawili aulize pale pale ofisi ya kata namna ya kuyaandika yote kabla karatasi haijapigwa muhuri. Mhudumu wa kituo naye, akisikia "Kabula", anaweza kuandika alichokisikia badala ya kuuliza la cheti. Mdogo wangu anatarajia mjukuu wa kwanza Desemba. Nimemwomba mkwe wetu kitu kimoja tu, kwamba akiwa wa kike wasinipigie simu kuniuliza jina la nyumbani.